Pikipiki ya kwanza: familia isinunue nguvu, inunue ile ambayo kijana anaweza kuisimamisha

UVIRA. Tangu Bukavu ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi Februari 2025, na watu wengi kushuka bonde la Ruzizi hadi mwambao wa ziwa Tanganyika, kuna mazungumzo yanayorudi katika nyumba nyingi za Uvira, za wenyeji na za waliokimbia. Familia imeacha shamba, mifugo au duka. Imebaki na pesa kidogo: za kiwanja kilichouzwa haraka, za ndugu aliye ng'ambo, au zamu yao ya likelemba. Kijana mkubwa ana miaka 20, hana kazi na masomo yamekatika. Basi baba anasema, mama anakubali, wajomba wanaongeza kidogo: tumnunulie moto, atatulisha.

Wazo lenyewe si baya. Katika eneo letu pikipiki ndiyo basi, ndiyo lori, na mara nyingi ndiyo gari la wagonjwa. Inamfikisha mama Mulongwe sokoni, inapeleka samaki Kiliba, inampandisha mwalimu Lemera, inamshusha mwenye uchungu wa uzazi kutoka vijiji ambavyo gari halifiki. Mwenye pikipiki na akili anaweza kulisha nyumba.

Kosa linaingia kwenye swali linalofuata, la moto gani. Familia nyingi zinaenda dukani na kumuuliza muuzaji ipi ina nguvu. Swali hilo lingefaa liulizwe mwisho. La kwanza ni hili: kijana ambaye hajawahi kuendesha ataweza kuisimamisha ipi? La pili: fundi wa mtaani anaijua ipi? La tatu: ipi ina karatasi? Ni afadhali moto dhaifu yenye majibu matatu mazuri kuliko moto kali isiyo na hata moja.

Tuanze na nguvu. Zinazoonekana zaidi barabarani ni TVS HLX 125, Bajaj Boxer ya 100 na ya 150, pamoja na aina mbalimbali za Kichina. Vijana wengi wanataka 150, kwa sababu wanasema inapanda mlima na mizigo. Ni kweli, inapanda. Uso wa ziwa uko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima iliyo nyuma ya mji inapita mita 3,000. Kila ukipanda mita 1,000, moteri ya kabureta inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa kuwa hewa inapungua. Anayefanya kazi ya kupanda nyanda za juu kila siku ana sababu ya kutaka 150.

Lakini mwanzaji ana kazi gani huko katika miezi yake ya kwanza? Njia za mlimani zina mawe, matope na makorongo, hata motari wa miaka kumi anazipita kwa kushika pumzi. Mwanzaji anapaswa kubaki tambarare: mjini, Kavimvira, Kiliba, Sange, au kandokando ya ziwa kuelekea Makobola, siku ambazo njia iko salama. Kwa barabara hizo 100 au 125 inatosha kabisa, na inakunywa esansi kidogo zaidi. Kununua 150 kwa ajili ya mlima ambao kijana hapaswi kuupanda bado ni kumnunulia mtoto viatu vya baba yake.

Dukani jaribio ni rahisi, tena halihitaji esansi. Kijana akae juu ya kiti. Nyayo zake zote mbili zifike chini, si vidole tu. Aisukume mbele na nyuma moteri ikiwa imezimwa, aipandishe kwenye stendi peke yake. Kisha mtu mzima akae nyuma, na kijana ashikilie moto isianguke. Akishindwa ikiwa imesimama dukani, hataweza kwenye mchanga wa Kalundu akiwa amebeba mama na mtoto.

Wengine wanatafuta Yamaha AG 100 au DT 125 zilizotumiwa na mashirika. Ni moto ngumu, zimejengwa kwa njia mbaya. Lakini mnunuzi ajue kwamba hizo hazifanani na TVS wala Boxer. Moteri yake inachoma esansi pamoja na mafuta yake maalumu yanayowekwa katika tangi dogo la pembeni. Tangi hilo likikauka, moteri inakamatana na hesabu ya familia inaisha siku hiyohiyo. DT nayo iko juu, kijana mfupi hafiki chini. Mwanzaji asishawishiwe na jina la shirika lililoandikwa ubavuni.

Swali la fundi lina jibu jepesi. Kabla ya kununua, familia ipite kwa mafundi watatu wa mitaa mitatu, na iwaulize kila mmoja: ni moto gani umefungua mara nyingi zaidi mwaka huu, na piesi zake unazipata wapi? Jina linalorudi kwa wote watatu ndilo la kununua. Sheni, freni, kebo ya ambrayaji na mipira vinaisha hata kwa mwendeshaji mzuri. Pikipiki inayosubiri piesi kutoka mbali kwa wiki mbili haimlishi mtu, na wakati kama huu barabara inaweza kufungwa asubuhi bila taarifa.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua ile ya kawaida, na watu wanaisema kwa sauti ndogo. Katika nchi yenye watu wengi wenye silaha, pikipiki mpya, ndefu, yenye kelele na rangi za kuvutia inatafutwa. Ile inayofanana na nyingine mia moja barabarani inapita bila kuangaliwa sana. Haizuii wizi, lakini inapunguza macho.

Anayenunua iliyotumika awe mgumu zaidi. Aguse moteri kabla haijawashwa. Kama ni ya moto tayari, muuzaji ameipasha kabla ya mgeni kufika, na huenda anaficha kwamba asubuhi inagoma. Ikiwaka, aangalie moshi: moshi wa bluu usiokwisha unasema moteri inakula mafuta yake. Aangalie kama mafuta yanavuja kwenye miguu ya mbele, na kama fremu imechomelewa mahali. Uvira tuna jambo letu la pekee. Mji huu ulipigwa na mafuriko ya Mulongwe mwezi Aprili 2020, kisha maji ya ziwa yakapanda na kuingia katika nyumba za kandokando. Pikipiki iliyolala ndani ya maji inaweza kuoshwa ikang'aa. Fungua kifuniko cha mafuta ya moteri. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Mshukuru muuzaji, uende zako.

Halafu karatasi. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha fremu, karibu na shingo ya usukani, lazima ilingane na ile iliyoandikwa kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Moto iliyovuka kutoka Burundi kupitia Kavimvira, au iliyokuja na boti kutoka Kigoma, bila karatasi ya duwani, inauzwa rahisi na watu wanadhani wamepata bahati. Nafuu hiyo inalipwa baadaye, kidogo kidogo, kwenye kila kizuizi. Mwenyeji pengine ana mtu wa kumpigia simu. Aliyekimbia hana, na ndiye anayenyang'anywa kwanza.

Sasa hesabu. Kosa kubwa kuliko yote ni kumaliza pesa yote dukani. Tuseme familia imekusanya dola 1,000. Isitafute pikipiki ya dola 1,000. Itafute ya 800, na 200 zibaki kwa kofia mbili ngumu, ya dereva na ya abiria, kwa karatasi, kwa esansi ya kujifunzia na kwa kubadilisha mafuta ya moteri mapema, kwa sababu moteri mpya inatembezwa taratibu kilometa 500 za kwanza na mafuta yake ya mwanzo yanatoka na unga wa chuma. Kama pesa haitoshi kwa kofia, basi haitoshi kwa pikipiki. Kofia inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 40, na hatari ya kuumia kichwani kwa takriban asilimia 70. Hakuna piesi nyingine dukani yenye faida kama hiyo kwa bei kama hiyo.

Baada ya hapo kijana ajifunze wiki tatu bila abiria. Asubuhi mapema kwenye uwanja wa mpira, kisha barabara za ndani za mtaa, kisha barabara ya taifa namba 5 wakati malori ni machache. Ajue kwamba freni ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, kwa kuwa uzito wote unakimbilia mbele moto inapopunguza mwendo. Wengi wanafundishwa kuiogopa na kukanyaga ya mguu peke yake, ndiyo maana wanaingia nyuma ya magari. Aikamate polepole, kwa vidole viwili, na kwenye mchanga au matope aitumie kidogo sana. Akipita ndani ya maji, akanyage freni kidogokidogo akiwa anatembea hadi zikauke. Na waliojifunza bodaboda wakiwa wakimbizi Nyarugusu au Uganda, ambako watu wanapita kushoto, wawe macho zaidi: hapa tunapita kulia, na katika hofu mwili unarudi kwenye desturi yake ya kwanza.

Hapa wengi watajibu: njaa haisubiri wiki tatu, na hakuna aliyejifunza bila kufanya kazi. Jibu hilo lina uzito, na anayekula mara moja kwa siku asichekwe. Lakini tuangalie upande wa pili. Mwanzaji akianguka na abiria wiki ya kwanza, familia inaanza kulipa matibabu ya watu wawili. Ndugu wa abiria wanakuja nyumbani. Moto inauzwa kwa bei ya chini ili deni liishe, na kijana anabaki na mguu uliovunjika. Wiki tatu zilizookolewa zimemeza mtaji wote.

Njia ya katikati ipo. Kijana aanze kazi na mizigo, si watu: mahindi, makaa, vyombo, safari fupi za tambarare, mzigo mdogo. Gunia likianguka linashonwa, safari inaendelea. Mama mjamzito akianguka, hakuna sindano ya kumshonea.

Wasio na mtaji wanaingia katika mkataba: tajiri anatoa moto, kijana anapeleka hesabu kila siku, na baada ya miezi waliyopatana moto inakuwa yake. Kwa motari mzoefu ni njia nzuri. Kwa mwanzaji ni hatari, kwa sababu hesabu ya siku haijui mvua, haijui risasi zilizosikika usiku, haijui barabara iliyofungwa. Ndiyo inayomfanya abebe watatu, akimbie gizani, avuke mto uliojaa. Asiye na njia nyingine aandike mkataba mbele ya mashahidi, useme wazi kwamba siku za vita, za mafuriko na za ugonjwa hazihesabiwi. Tajiri anayekataa sharti hilo amekwisha kuonyesha atakavyokuwa siku ya ajali.

Jambo moja la mwisho kwa familia zinazolala katika madarasa, makanisa na nyumba za kupanga zenye watu kumi. Wengi tunanunua esansi kwa makadhafi, katika chupa na bidoni, na wengine wanaweka akiba chumbani, karibu na mbabula. Sange haijasahau tarehe 2 Julai 2010, siku lori la esansi lilipopinduka na kuwaka, zaidi ya watu 200 wakafa. Esansi ikae ndani ya tangi la pikipiki, na pikipiki ilale mbali na jiko.

Mashirika yanayotoa pikipiki kama msaada wa kuanzisha kazi yanapaswa kuacha kupiga picha ya kukabidhi funguo na kuondoka. Funguo bila kofia na bila mafunzo ni nusu ya msaada. Vyama vya wamotari navyo vinaweza kutoa mzoefu mmoja na uwanja mmoja, Jumamosi asubuhi, kwa wanaoanza. Meya na polisi wanaosimamisha vijana kuuliza karatasi wangeuliza pia, kwa bidii ileile, kofia ya abiria iko wapi.

Familia zenyewe zisisubiri hayo. Kabla ya kuhesabu noti mbele ya muuzaji, kijana akae juu ya kiti, nyayo zifike chini, fundi aitwe, namba ya fremu isomwe, na kofia mbili ziwekwe juu ya meza. Muuzaji akiona haraka yenu inapungua, bei nayo itapungua.