Tiba ya akili kwa simu: Faragha ndiyo mtihani

Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Kwa mtu aliyeogopa kumwambia mshauri nasaha ukweli wote, mzigo umepungua.

Swali sasa: ukweli huo utausemea wapi?

Simu inavutia. Hulipi nauli, jirani hakuoni ukiingia kliniki, na aliye Lodwar anaongea na mtaalamu aliye Nairobi. Lakini chumba kimoja cha kupanga hakina siri. Ukinong'ona kwa sababu ndugu yuko kitandani, mtaalamu anasikia nusu ya habari, halafu unasema tiba haisaidii.

Kabla ya kikao

Chagua saa ambayo watu wa nyumbani wametoka, au kaa ndani ya gari lililoegeshwa. Vaa spika za masikioni, hakikisha una chaji na bando, zima arifa za WhatsApp. Andika mambo mawili matatu yanayokusumbua zaidi.

Kubalianeni mapema: laini ikikatika, nani anapiga? Mwambie pia uko wapi na nani wa kuitwa hali ikiwa mbaya. Yeye hawezi kukufikia kupitia skrini.

Data zako je?

Machi 2023, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba BetterHelp ingelipa dola milioni 7.8. Ilidaiwa kuwapa Facebook na Snapchat taarifa za wateja kwa ajili ya matangazo, licha ya kuahidi kuzitunza.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayohesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria haitakuulizia maswali, uliza mwenyewe: kikao kinarekodiwa? Nani anasoma ujumbe wangu? Na namba yako ya usajili ni ipi? Sheria ya 2014 inataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe.

Baada ya kikao

Usikimbilie TikTok. Jipe dakika kumi, andika ulichokubali kujaribu wiki hii. Kazi kubwa hufanyika kati ya kikao na kikao. Kama baada ya vikao kadhaa huoni tofauti, mwambie wazi. Kubadilisha mtaalamu si utovu wa adabu.

Ukiwa hatarini sasa hivi, usisubiri miadi. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya, au nenda hospitali iliyo karibu.