Daftari la mkulima lisihamishwe msimu wa mvua

Mvua za Nyanda za Juu Kusini hazimsubiri mtu. Huanza kati ya Novemba na Desemba, na mkulima wa mahindi wa Mbeya au Iringa ambaye kufikia hapo hajapata mbolea ya kupandia anajua kuwa mavuno yake yameshapungua kabla mbegu haijaota.

Siku hizi kupata mbolea hiyo kwa bei ya ruzuku kunategemea jambo ambalo halionekani shambani. Jina na namba ya mkulima lazima viwe sahihi ndani ya kompyuta. Kwa sababu hiyo, mahali kumbukumbu hizo zinapohifadhiwa, na namna zinavyohamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, si suala la mafundi wa kompyuta peke yao. Ni suala la kilimo na uchumi wa kaya.

Vyama vya ushirika, kampuni za pembejeo na taasisi za umma zitaendelea kuhamisha kumbukumbu zao kadiri mifumo inavyokua. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni kuhamisha kwa haraka, wakati usiofaa, bila kuhesabu kilichotoka na kilichofika.

Mikoa hii ina uzoefu wa kutosha katika jambo hili. Mwaka 2007 Rungwe ilikuwa miongoni mwa wilaya mbili, pamoja na Kilosa, zilizojaribiwa mfumo wa vocha za pembejeo kabla mpango huo haujapanuliwa katika msimu wa 2008/09. Mkulima alilipa karibu nusu ya bei, na vocha ikafidia iliyobaki. Wakala wa pembejeo alipeleka vocha benki ya NMB kulipwa. Majina yalipendekezwa na kamati ya vocha ya kijiji na kupelekwa mbele ya mkutano wa kijiji.

Mfumo ule wa karatasi ulikuwa na kasoro zake, na hakuna sababu ya kuupamba leo. Zilisikika habari za saini za kughushi na za vocha zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Madai ya mawakala ya misimu ya 2014/15 na 2015/16 yaliishia kwenye uhakiki wa muda mrefu, kwa kuwa kumbukumbu hazikutosha kuonyesha nani alimpa nani nini.

Hata hivyo, karatasi ilikuwa na sifa moja. Kosa lilionekana. Jina la marehemu liliposomwa kijijini, mtu alisimama na kusema. Mjane aliyerukwa naye aliweza kuuliza papo hapo.

Agosti 8, 2022, katika maadhimisho ya Nanenane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango mpya wa ruzuku ya mbolea. Serikali ilitenga Sh150 bilioni kwa msimu wa 2022/23, na mfuko wa kilo 50 wa UREA au DAP, uliokuwa umepanda hadi zaidi ya Sh120,000, ukauzwa Sh70,000. Safari hii mkulima aliandikishwa, akaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA) na kupewa namba ya kununulia.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini msimu ule wa kwanza uliripotiwa pia kuwa na foleni ndefu kwenye maduka ya mawakala na malalamiko ya wakulima waliokosa mbolea kwa wakati. Somo lake ni kwamba kumbukumbu ikiwa mbovu, hata mbolea ikiwa imejaa ghalani, mkulima hurudi nyumbani mikono mitupu.

Kutafuta si kutunza

Ili kuelewa kwa nini kumbukumbu huhamishwa, ni vema kutofautisha aina mbili za hifadhi.

Aina ya kwanza ni kundi la seva za kutafutia, kama zile zinazoendeshwa kwa programu ya Elasticsearch. Kazi yake ni kupata kitu haraka katika mamilioni ya kumbukumbu. Ukiandika Mwakyusa na daftari lina Mwakyosa, inaweza kukuletea huyo wa pili kwa kudhani ndiye unayemtafuta. Kwa ofisa anayetafuta jina, huo ni msaada. Kwa anayetoa mbolea ya ruzuku, ni hatari, kwa sababu Mwakyosa anaweza kuwa mtu mwingine kabisa.

Aidha, seva za namna hii hazikutengenezwa kuwa daftari la hesabu. Kumbukumbu mpya haionekani katika utafutaji papo hapo. Kwa kawaida huchukua kama sekunde moja. Sekunde hiyo ni ndogo, lakini mawakala wawili wakiuliza kwa wakati mmoja, mfumo uliojengwa vibaya unaweza kuruhusu mfuko mmoja kuuzwa mara mbili.

Aina ya pili ni kanzidata ya hesabu. Hii huandika muamala wote au hauandiki kabisa, kama karani wa benki asiyepunguza akaunti moja kabla ya kuhakikisha nyingine imeongezwa. Kanzidata hiyo ikiwekwa kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni inayozitunza kwa malipo, mtoa huduma hushughulikia nakala za akiba, umeme na matengenezo. Taasisi yenye fundi mmoja au wawili hupata nafuu ya kweli.

Kwa hiyo hoja ya kuhama kutoka hifadhi ya kutafutia kwenda kanzidata ya wingu ina mantiki. Tatizo liko njiani.

Yanayopotea njiani

Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Fundi akiipitisha kwenye jedwali la Excel kama namba ya kawaida, programu hiyo hutunza tarakimu 15 za mwanzo na kugeuza tano za mwisho kuwa sifuri. Mara nyingi haitoi onyo. Wakulima wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa eneo moja wanaweza kujikuta na namba moja. Vijijini wapo wazee wengi wasiojua siku waliyozaliwa, na tarehe za kukadiria hufanana.

Namba ya simu nayo huanza na sifuri. Jedwali lilelile huiondoa, na ujumbe mfupi unaobeba namba ya kununulia mbolea haufiki. Mkulima hawezi kujua kuwa sifuri yake imepotelea kwenye kompyuta ya mtu asiyemfahamu. Anachojua ni kwamba wenzake wamepata, yeye hajapata.

Kuna pia suala la mipaka. Kumbukumbu za enzi za vocha ziliandika Makambako na Makete kuwa mkoa wa Iringa, kisha mwaka 2012 ukaanzishwa mkoa wa Njombe. Mbozi na Ileje ziliandikwa Mbeya, hadi mwaka 2016 ulipoanzishwa mkoa wa Songwe. Taasisi inayounganisha daftari la zamani na jipya bila kurekebisha hayo itampata mkulima mmoja wa Vwawa mara mbili, mmoja wa Mbeya na mwingine wa Songwe. Au itamfuta kwa kudhani ni hewa.

Na majina yenyewe ni mtihani. Mtu anayeitwa Sanga kule Makete ana majirani wengi wa jina hilo. Kijiji au mtaa unaoitwa Majengo unakutwa karibu kila wilaya. Mashine haijui tofauti, ila mwenyekiti wa kitongoji anaijua.

Wingu lina mwenyewe

Suala jingine ni wingu lenyewe liko wapi. Vituo vikubwa vya kampuni za Amazon, Microsoft na Google barani Afrika viko Afrika Kusini. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopata shida kubwa ya intaneti. Tukio kama hilo likitokea Mei, wakati wa mavuno, ni usumbufu. Likitokea Desemba, ni njaa ya mwaka unaofuata.

Gharama nazo ni za kutazamwa. Huduma hizi hulipiwa kila mwezi, mara nyingi kwa dola, wakati chama cha ushirika kinapata mapato yake kwa shilingi na kwa msimu. Seva ya kununua hulipiwa mara moja. Wingu lisipolipiwa, mlango hufungwa.

Ipo pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kurekebishiwa taarifa zake na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Mkulima wa Kilolo analindwa na sheria hiyo sawa na mteja wa benki wa Dar es Salaam.

Wapime kama wanavyopima mahindi

Dawa ya haya yote wakulima wa mikoa hii wanaijua. Mahindi hayahamishwi kutoka kihenge kwenda ghala la Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) bila kuchambuliwa, kupimwa unyevu na kuwekwa kwenye mizani. Kumbukumbu zao zinastahili heshima hiyohiyo.

Kwanza, kazi ya kuhamisha ifanyike kati ya Juni na Agosti, mkulima anapovuna na kuuza. Kuanzia Oktoba hadi mbolea ya kukuzia iishe kutolewa, mfumo usiguswe isipokuwa kuziba tundu.

Pili, zihesabiwe kumbukumbu zilizotoka na zilizofika, kijiji kwa kijiji, si jumla ya mkoa. Jumla inaweza kulingana huku kijiji kimoja kikiwa kimezidi na kingine kimepungua. Namba ziandikwe kama maneno ili sifuri zisidondoke.

Tatu, mfumo wa zamani usizimwe hadi msimu mmoja mzima upite. Gharama ya kuendesha miwili kwa miezi michache ipo, lakini ni ndogo kuliko hasara ya kata nzima kupanda bila mbolea. Na kila wakala awe na utaratibu wa kuandika mauzo kwenye karatasi intaneti inapokatika.

Nne, orodha irudi kijijini. Wapo watakaosema hilo linavunja usiri. Haliwezi kuvunja endapo kitakachobandikwa ni jina na kitongoji tu, na namba za simu na vitambulisho vikabaki ofisini kwa kila mtu kuhakiki vyake. Wapo pia watakaosema ni kazi kubwa. Ni kazi, lakini kamati za vocha zilikuwa zikipeleka majina mbele ya wanakijiji wakati hakuna hata kompyuta moja.

Tano, awepo mtu anayejulikana kwa cheo, katika kila halmashauri, mwenye mamlaka ya kusahihisha kosa ndani ya siku chache. Jibu la kwamba "mfumo umekataa" lisikubalike kuwa mwisho wa mazungumzo, kwa sababu mfumo haulimi wala hauli.

Teknolojia imewapunguzia wakulima wa Mbeya na Iringa mianya mingi iliyokuwepo enzi za vocha, na hakuna anayetaka kurudi huko. Wanachostahili kudai kwa viongozi wa ushirika na halmashauri zao ni kitu kidogo. Kabla daftari halijahamishwa tena, waulize litahamishwa mwezi gani, litahesabiwa na nani, na mtu ambaye jina lake limepotea aende wapi. Majibu ya maswali hayo yapatikane wakati wa kiangazi, kabla wingu la kwanza la mvua halijatanda.