Mwanao anabeti hoki ya barafuni? Kaeni mpige hesabu



Wiki hii nawaletea habari ya mama mmoja wa upande wa Rulenge, wilayani Ngara. Ana kijana wa miaka 17, yuko kidato cha tatu. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiona mwanga wa simu chumbani kwa kijana saa tisa usiku. Akajua anasoma, kisha akashuku ana mchumba. Siku alipotaka kuwalipa vibarua wa shambani, akakuta pesa ya maharage aliyoiweka kwenye simu imepungua kwa shilingi 93,000.

Kijana hakukataa. Alileta daftari. Ndani yake kulikuwa na majina ambayo mama hajawahi kuyasikia: Boston, Toronto, Edmonton. Ni timu za hoki ya barafuni za Marekani na Kanada. Mechi ya Boston au Toronto ikianza saa moja jioni ya kule, kwetu ni saa nane au saa tisa usiku. Ndiyo maana alikuwa halali.

"Mama," akasema, "mpira wa miguu kila mtu anaujua. Huu wanaufuatilia wachache, na mimi nina mbinu."

Tusimcheke. Kijana alikuwa amesoma kweli. Tuziangalie mbinu zake moja moja, maana mtoto mwenye mbinu huwezi kumzuia kwa kumwambia tu kwamba kamari ni mbaya.

Mbinu ya kwanza ni kuchagua timu kali ikiwa nyumbani. Hoki huchezwa vipindi vitatu vya dakika 20. Chaguo la 1, X, 2 kwa kawaida huhesabu dakika hizo 60 tu. Katika ligi ile kubwa, takriban mechi moja kati ya nne au tano huisha sare kwanza, ndipo mshindi hupatikana katika muda wa nyongeza au kwa penalti. Kijana aliwahi kushangilia timu yake imeshinda, kumbe mkeka umeshachanika.

Mbinu ya pili ni golikipa. Timu ikicheza siku mbili mfululizo, mara nyingi golikipa wa pili ndiye hukaa langoni siku ya pili. Kijana aliligundua hilo na ni kweli. Lakini wanaopanga odi wanalijua pia, tena wana watu na mitambo ya kazi hiyo. Habari ikimfikia kijana wa Rulenge kwenye simu yake, odi zimeshabadilika.

Mbinu ya tatu ni kudabo: ukipoteza 1,000 unaweka 2,000, kisha 4,000, mpaka ushinde. Ukikosa mara saba mfululizo umeshatoa 127,000, na mara ya nane unatakiwa kuweka 128,000. Pesa ya maharage haifiki huko.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo mzazi yeyote anaweza kuifanya mezani. Chukua mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa, kama kurusha sarafu. Kampuni haikupi odi ya 2.00, inakupa kama 1.90. Beti mara 100 kwa shilingi 1,000: umetoa 100,000. Ukishinda nusu, umepata 95,000. Hiyo 5,000 ni ya mwenye duka, na kodi ya ushindi hatujaigusa.

Ukisuka mkeka wa mechi tano za namna hiyo, odi inafika kama 24.76. Buku moja inaleta karibu 24,800. Inapendeza. Lakini nafasi ya mechi zote tano kukubali ni moja kati ya 32. Kwa wastani utatoa 32,000 ili upate hiyo 24,800. Mkeka unavyokuwa mrefu, ndivyo fungu la mwenye duka linavyonenepa.

Yule mama hakumpiga kijana. Walikaa na daftari lile, wakajumlisha. Zilizotoka: 164,000. Zilizorudi: 71,000. Kijana alinyamaza muda mrefu. Kichwani mwake alikuwa anakumbuka usiku mmoja tu, ule alioshinda. Ile mingine hakuwahi kuijumlisha.

Kuna jambo la pili lililomgusa mama. Baba wa kijana anafanya kazi Nyakanazi, Biharamulo, kwenye malori yanayokwenda Rusumo. Naye kila Jumamosi husuka mkeka wa mpira wa miguu, na akirudi nyumbani huwasimulia watoto alivyokosa kwa mechi moja. Kijana alijifunzia sebuleni.

Kwa hiyo, mzazi, fanya haya.

Badilisha namba ya siri ya pesa ya simu leo, na usimtume mtoto kutoa pesa kwa namba yako. Kijana huyu alibeti kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mama yake. Kwa mujibu wa sheria, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti, lakini simu haiuoni uso wa aliyeishika. Kampuni husika iombe ifunge akaunti iliyofunguliwa kwa laini yako.

Simu ya nyumbani ilale chumbani kwa wazazi.

Akiwa na deni kwa wenzake, mwambie alitaje lote. Mlipe pamoja kwa mpango, kidogo kidogo, naye atoe jasho lake. Deni lililofichwa ndilo linalomrudisha kwenye mkeka, akitafuta wa kulifuta.

Na wewe baba unayebeti, nawe leta daftari lako. Jumlisha mbele ya mwanao.

Kijana anafanya kazi shambani kila Jumamosi mpaka 93,000 irudi. Bado anapenda hoki, na mama amemruhusu kusoma matokeo asubuhi, baada ya chai.

Tukutane wiki ijayo.