Mgeni Rasmi Hachezi Mpira

Wadau, leo nina ugomvi na wenzangu wa kalamu na kamera. Wa kununa anune, mimi naandika.

Fungua kurasa za michezo za magazeti yetu, halafu tazama habari zinazotoka mikoani. Picha ni ile ile. Mheshimiwa kavaa suti juani, anashikana mikono na nahodha. Mheshimiwa anakabidhi jezi na mipira miwili. Mheshimiwa anapiga penalti ya ufunguzi na golikipa, kwa adabu zote, anauacha mpira upite. Chini yake habari inasema timu fulani imeshinda 3-1. Nani kafunga? Kafungaje? Picha haijui.

Hivi huyo mheshimiwa anacheza namba ngapi?

Chukulieni Liparamba. Kwa wasiopajua, ni kusini kabisa mwa mkoa wa Ruvuma, karibu na mpaka wa Msumbiji. Wengi bado tunasema "kule Mbinga", ingawa tangu 2012 ni wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga. Ukitokea Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Jina lake ukilisikia mjini, ujue linatajwa pori la akiba. Mnyama wa Liparamba ana serikali inayomlinda na kumhesabu. Winga wa Liparamba sijawahi kumwona gazetini akiwa na mpira mguuni. Nimewahi kuona viongozi waliokwenda "kufunga mashindano" vijijini, basi.

Mtasema picha ni picha tu, ina tatizo gani? Lina tatizo kubwa.

Tarehe 2 Februari 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch. Sikuwa nimezaliwa, lakini najua alivyotangulia tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu kuna kamera iliyomfuata. Mwaka 1968, John Stephen Akhwari alimaliza wa mwisho katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico, mguu umefungwa bandeji, giza limeingia, watazamaji wengi wameshaondoka. Dunia inamkumbuka mpaka leo. Laiti wapiga picha wangeondoka baada ya medali kugawiwa, tusingekuwa na Akhwari. Na Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda ule ule, 2:09:48. Ni picha ya mstari wa kumalizia iliyoamua kwamba dhahabu ni ya Tanzania, ya kwanza kwetu katika mashindano ya dunia ya riadha.

Mara zote tatu ilikuwa ugenini, na kamera hazikuwa zetu. Nyumbani tungempiga picha aliyewavisha medali.

Najua utetezi utakaokuja: vifaa. "Hatuna lenzi ndefu kama za Ulaya." Sikubali. Lenzi ndefu inasaidia, sibishi, lakini uwanja wa kijijini hauna uzio wala askari wa kukufukuza. Unasogea mpaka unasikia wachezaji wanavyotukanana. Haya mambo hayahitaji bajeti:

Kwanza, kasi. Mpira uliopigwa kwa kilomita 90 kwa saa unakwenda mita 25 kwa sekunde. Ukipiga picha kwa 1/60 ya sekunde, mpira unasafiri zaidi ya sentimita 40 wakati kamera imefumbua jicho. Utapata ukungu, si mpira. Kwa 1/1000 unasafiri sentimita mbili na nusu tu. Usishuke chini ya 1/500. Jua likififia, pandisha ISO. Chembechembe kwenye picha zinasameheka, ukungu hausameheki.

Pili, mahali. Ondoka jukwaa kuu! Nenda nyuma ya mstari wa goli, kati ya nguzo na kibendera cha kona. Hapo washambuliaji wanakuja na nyuso zao. Ukikaa katikati ya uwanja utarudi na migongo. Jua la saa kumi liache nyuma yako, na upige goti, kwa sababu mchezaji akipigwa kutoka chini anaonekana ameruka kweli.

Tatu, soma mchezo. Ukishaliona tukio ndani ya kamera, limekwisha pita. Mtazame anayetaka kupiga krosi, lakini kamera ielekeze kwa atakayeruka. Bonyeza kitufe nusu ili fokasi ijipange mapema. Mwenye simu asivute picha kwa vidole, asogee kwa miguu, kisha apige picha mfululizo. Na bao likiingia usishushe kamera! Furaha ya mfungaji na kilio cha golikipa ni nusu ya habari.

Nne, majina. Kabla ya filimbi piga picha ya kikosi, uandike kila namba ya jezi na mwenye nayo. Hiyo ndiyo kazi halali ya picha ya kikosi. "Mchezaji wa timu ya kijiji akiwania mpira" si maelezo ya picha. Ni dharau.

Kwa hiyo tuseme ukweli, tatizo si lenzi. Tatizo ni kwamba mwandishi wa wilayani analipwa kwa habari moja moja, malipo yenyewe hayatoshi nauli, na gari linalokwenda kijijini ni la msafara wa kiongozi. Umepanda gari lake, umekula chakula chake, bahasha iko mfukoni. Utampiga picha nani? Na msafara ukiondoka dakika ya 20, nawe unaondoka. Bao la dakika ya 80 utasimuliwa kwa simu.

Hata ukibaki, kuna mezani. Mhariri mmoja, jina namhifadhia, aliwahi kuikataa picha yangu ya mshambuliaji aliye hewani, mpira kichwani, vumbi limetimka. Swali lake lilikuwa moja: "Kiongozi yuko wapi?"

Ndugu wahariri, lipeni nauli. Kiongozi mwandikieni sentensi moja, inamtosha. Nafasi ya picha mwachieni aliyetoka jasho. Yule kijana wa Liparamba huenda asifike Taifa Stars, lakini picha moja yenye jina lake sahihi inaweza kufika kwa kocha wa Songea au wa Dar ambaye hatatia mguu Nyasa maisha yake yote. Picha ya mkono wa mheshimiwa haijawahi kumpatia mtu majaribio.

Siku mgeni rasmi akifunga bao la kichwa, nitakuwa wa kwanza kuomba awekwe ukurasa wa mbele. Kabla ya siku hiyo, akae kwenye kiti chake, asituzibie goli.