Tusitoe damu siku ya sherehe tu

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku juu ya sisi wananchi wa Kilwa tunaotoa damu mara moja, kisha tusionekane tena.

Kila ifikapo 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, watu hujitokeza, hupigwa picha na kunywa soda. Ni jambo jema. Lakini damu haihifadhiwi kama mahindi ghalani. Hata ikiwa katika jokofu, baada ya wiki tano au sita haifai tena. Iliyotolewa Juni haiwezi kumwokoa mama anayejifungua Septemba, wala mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria.

Wengi husema, "Akiugua wangu nitatoa." Wanasahau kuwa damu lazima ipimwe kwanza, na mama anayevuja damu hana muda wa kungoja. Tena tukumbuke Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga. Katika hali kama ile, hata mwenye fedha hawezi kumkimbiza mgonjwa wake Dar es Salaam kwa gari. Damu ya kumfaa ni ile iliyokwisha kuwamo katika hospitali yetu ya Kinyonga.

Halafu tunawategemea mno wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, damu hupungua. Je, sisi wavuvi, wakulima wa ufuta na walimu hatuna damu? Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi anaruhusiwa: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mimi nilianza nikiwa chuo cha ualimu. Siku hizi hutoa mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, mshahara unapotoka, ili nisisahau. Ama Ramadhani, inayosingiziwa sana huku pwani, tunaweza kutoa mapema katika Shaabani.

Wahusika nao wasituache gizani. Kijijini kwetu gari la damu lilikuja likaondoka, na hakuna aliyetuambia litarudi lini. Naomba tarehe za mwaka mzima zibandikwe ofisi ya kijiji na misikitini, kama akina mama wanavyopewa tarehe za kliniki ya watoto.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilwa.