Jua la Bordeaux sifa, jua la Dodoma aibu?

Wadau, hivi kwa nini jua likiwaka Ufaransa mvinyo unapandishwa bei, na likiwaka Dodoma mvinyo unaitwa wa watu wasio na hela?

Juzi nikiwa kikazi wilayani Serengeti nilikaribishwa chakula cha usiku kwenye hoteli moja ya kitalii (jina naliacha). Mwenyeji akafungua mvinyo mwekundu wa Bordeaux wa 2003, akaanza kutuhubiria habari za "mwaka wa joto la ajabu". Joto lilikuwepo kweli. Agosti ile liliua watu wapatao 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee, na zabibu zilivunwa mapema kuliko kawaida.

Haya, tukaonja. Rangi ukingoni mwa glasi imeshakuwa ya tofali. Harufu ya zabibu kavu na tumbaku, nzuri, sikatai. Mdomoni ni mzito, unachoma koo kidogo, basi. Ule uchachu wa kukufanya utamani fundo la pili haupo. Si ajabu: joto likizidi, sukari ya zabibu hupanda na asidi hushuka, na sukari ndiyo inayogeuka kilevi. Mwaka ule Umoja wa Ulaya ulilazimika hata kuruhusu asidi iongezwe katika maeneo ambayo kwa kawaida ni marufuku. Ulikuwa mwaka wa shida, jamani! Baadhi ya chupa zimezeeka vizuri, nyingine zimechoka. Hii ilikuwa imechoka, ila bei ilishatufunga midomo.

Nikamuuliza mhudumu, kijana wa Tarime, kama wana mvinyo wa Dodoma. Akacheka, akasema wageni hawauulizi. Watauulizaje wakati haumo kwenye orodha? Dogo yule anatamka majina ya Kifaransa bila kujikwaa, lakini hakuna aliyemwambia kwamba ipo zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora, jina la hapo hapo Dodoma, wala kwamba kule huvuna mara mbili kwa mwaka. Wakulima wa Dodoma wameshaona zabibu zikioza kwa kukosa soko, huku hoteli za nchi yao zikiagiza chupa kwa meli.

Najua mtasema mvinyo wa Dodoma ni mtamu mno na haudumu. Mwingi ni mtamu, na mwingi hutengenezwa unywewe mapema. Lakini upo mkavu, na nani amejaribu kuulaza miaka kumi akaona? Sisi wa Tarime tumezoea pombe ya ulezi, ambayo siku chache tu imeshachacha, kwa hiyo kulaza chupa si mila yetu. Hoteli hizi zinajua kulaza, na vyumba vya baridi wanavyo. Wanunue makasha mawili ya Dodoma nyekundu kavu kila mwaka, waandike mwaka wa mavuno, wafunge mlango. Na kwa sasa, kabla ya miaka hiyo kumi kupita, waiweke kwenye orodha, mstari mmoja tu, chini ya Bordeaux wakitaka.