Gari na Dereva: Taa Nyekundu na Kifuniko cha Rejeta

Dereva anayetoka Nyamityobora, mjini Mbarara, kuelekea makazi ya wakimbizi ya Nakivale ana safari ya kilomita 50 au 60 hivi mbele yake. Mwanzo hupita kwenye lami, kisha huingia barabara ya changarawe yenye vumbi, miinuko na mashimo. Ndani ya gari huwamo abiria, magunia na watoto waliopakatwa. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958, na tangu hapo njia hiyo haijapata kukosa wasafiri. Gari likichemka katikati ya njia, wanaoumia ni wengi kuliko dereva peke yake.

Chukulia mfano wa sajini mstaafu ambaye kiinua mgongo chake amekinunulia gari la abiria. Siku ya kwanza taa nyekundu ya joto inawaka kwenye mwinuko. Anasimama, anaongeza maji, anaendelea. Siku ya tatu inawaka tena. Fundi wa kwanza anamwambia anunue rejeta mpya. Wa pili anasema ni pampu ya maji. Wa tatu anasikiliza mngurumo kidogo tu, kisha anatangaza kuwa injini imekwisha. Nyumbani mkewe amekwisha kuhesabu karo ya muhula ujao kutokana na mapato ya gari hilo hilo. Je, ashike neno la nani? Asishike la yeyote kati yao kabla gari lenyewe halijachunguzwa kwa utaratibu, hatua kwa hatua.

KAZI YA SHINIKIZO

Watu wengi hudhani kuwa kifuniko cha rejeta ni kizibo tu, mfano wa kizibo cha chupa, kilichowekwa ili maji yasimwagike. Dhana hiyo imeharibu injini nyingi. Kazi kubwa ya kifuniko ni kuyatia maji shinikizo.

Pwani, kama Mombasa au Dar es Salaam, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Kadiri mtu apandavyo juu, uzito wa hewa hupungua na maji huchemka upesi zaidi. Kila mita 300 hupunguza kiasi cha nyuzi moja. Mbarara uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi zipatazo 95. Kabale, ulio karibu na mita 2,000, ni nyuzi 93 hivi. Mama aliyehamia nyanda za juu kutoka pwani anaijua habari hiyo, kwa kuwa maharagwe yake hukawia kuiva ingawa sufuria inatokota.

Sasa na itazamwe injini. Thamostati ni mlango mdogo unaofunguliwa na nta inapopata joto, ili maji yaende kwenye rejeta kupozwa. Katika magari mengi mlango huo hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88, na feni ya umeme huanza kuzunguka kwenye nyuzi 95 hivi. Maana yake ni kwamba katika Mbarara, pasipo shinikizo, maji huanza kuchemka wakati ule ule ambapo feni ndiyo kwanza inaamka. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9 huyazuia maji hayo yasichemke mpaka yafikie nyuzi zipatazo 115. Hizo nyuzi 20 ndizo akiba ya dereva mlimani. Springi ikilegea, au raba yake ikipasuka, akiba yote hupotea, ijapokuwa rejeta, pampu na injini vyote ni vizima. Ndiyo sababu kuziba rejeta kwa gunzi la mahindi au mfuko wa plastiki si dawa hata kidogo.

TAA INASEMA NINI

Ufunguo unapozungushwa, taa nyekundu ya joto katika magari mengi huwaka kwa nukta chache, kisha huzimika. Isipowaka kabisa, yumkini globu yake imekufa, na dereva anasafiri bila mlinzi. Ikiwaka asubuhi injini ikiwa baridi, isizimike, ishukiwe sensa au waya wake. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu inayoonyesha kuwa injini bado ni baridi, na taa nyekundu inayoonyesha kuwa joto limepita kiasi. Kati ya hizo mbili hakuna onyo jingine. Kwa hiyo nyekundu ikitokea, muda wa kutafakari umekwisha: dereva aegeshe mahali pa salama na kuzima injini.

Liko jambo moja linalowadanganya hata madereva wa siku nyingi. Sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Maji yakimwagika yote, sensa hubaki kwenye hewa, na mshale waweza kuanguka upande wa baridi wakati chuma kinaungua. Mshale uliokuwa juu ukishuka ghafla bila sababu, dereva asishukuru, asimame.

UCHUNGUZI WA ASUBUHI, GARI LIKIWA BARIDI

Kwanza, kifuniko kifunguliwe na maji yatazamwe ndani ya rejeta yenyewe, si katika tanki la akiba peke yake. Injini ikipata moto, maji yaliyozidi husukumwa kwenda kwenye tanki hilo. Ikipoa, kifuniko huyaruhusu yarudi. Tanki likiwa limejaa huku rejeta imepungua, basi maji yalikwenda na hayakurudi. Hapo mshitakiwa wa kwanza ni kifuniko, na wa pili ni ule mpira mwembamba uendao kwenye tanki, kwani ukipasuka huvuta hewa badala ya maji.

Pili, kifuniko chenyewe kikaguliwe. Raba isiwe imekauka wala kuchanika, springi iwe na nguvu, na kile kivalvu kidogo cha katikati kivutike na kurudi. Mdomo wa rejeta unapokaa raba uwe safi. Namba iliyoandikwa juu yake ilingane na ile iliyotajwa katika kitabu cha gari. Kifuniko chenye namba kubwa zaidi hakiongezi usalama, bali huweza kupasua mipira mizee na matanki ya plastiki ya rejeta za siku hizi.

Tatu, mpira mnene wa juu ushikwe. Ukiwa umebonyea kama chupa iliyonyonywa, kivalvu cha kifuniko kimeganda. Ukiwa bado mgumu kwa shinikizo baada ya gari kulala usiku kucha, hiyo ni dalili mbaya itakayoelezwa mbele.

Nne, mavujo yatafutwe. Maji hukauka, lakini alama hubaki: doa jeupe, la kijani au la kutu kwenye maungio ya mipira, chini ya pampu ya maji, na pale plastiki ya rejeta inapokutana na bati. Zulia la chini ya dashibodi likiwa na unyevu, huenda kirejeta cha kupasha joto ndani ya gari kinavuja. Fundi mwenye pampu ya kupimia shinikizo aombwe aifunge kwenye mdomo wa rejeta na kusukuma hadi namba ya kifuniko, asiipite. Mshale wa pampu ukitulia kwa dakika kadhaa, hakuna uvujaji wa nje. Ukishuka, tundu lipo na litafutwe. Pampu hiyo hiyo hupima na kifuniko.

Tano, mapezi ya rejeta yamulikwe kwa tochi. Vumbi la changarawe, mbegu za nyasi na wadudu huyaziba. Yaoshwe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, maana maji ya nguvu nyingi huyalaza.

UCHUNGUZI WA BARABARANI

Namna gari linavyochemka hueleza ugonjwa wake. Likipata moto kwenye msongamano wa mjini na kupoa linapokimbia, feni ndiyo ya kushukiwa, pamoja na fyuzi na rilei yake. Likitulia mjini na kuchemka mlimani au kwa mwendo wa kasi, ishukiwe rejeta iliyoziba ndani, mkanda unaoteleza au pampu iliyochoka. Likichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa huku rejeta ingali baridi, ama thamostati imekwama ikiwa imefungwa, ama maji hayamo.

Baadhi ya mafundi huing'oa thamostati na kuitupa, wakidai kuwa nchi za joto haziihitaji. Ushauri huo si mwema. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Zaidi ya hayo, katika injini kadhaa thamostati hiyo hiyo ndiyo inayoufunga mkondo wa mkato. Ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupitia rejeta, na gari huchemka zaidi kuliko kwanza.

DALILI ZA GASKETI

Zipo nyakati ambapo shinikizo halipungui bali huzidi. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, moshi wa silinda hupenya na kuingia kwenye maji. Mpira wa juu huwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili za kuwasha, kabla injini haijapata moto. Mapovu hutokea mfululizo katika tanki la akiba. Maji hupungua bila doa lolote chini. Bomba la moshi hutoa moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto, na pengine oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Wako mafundi wenye dawa ya majimaji ya buluu ambayo hugeuka rangi inapokutana na gesi ya silinda. Kipimo hicho ni rahisi kuliko kufungua injini nzima kwa kubahatisha. Mpaka mojawapo ya dalili hizi ionekane, neno la kwamba injini imekwisha lisikubaliwe.

MAJI GANI?

Maji ya visima mengi yana chumvi na chokaa ambazo huganda ndani ya rejeta kama zinavyoganda ndani ya birika. Maji ya mvua yaliyochujwa ni afadhali. Bora zaidi ni kuyachanganya nusu kwa nusu na ile dawa ambayo madereva huiita kulanti, kwani huzuia kutu na kuongeza nyuzi za kuchemka. Maji ya mto Rwizi au ya ziwa Nakivale ni ya dharura tu, tena yapitishwe kwenye kitambaa. Mfumo wote usafishwe baadaye.

Kina mama na wazingatie: dawa hiyo aghalabu ina ladha tamu na ni sumu. Hata kidogo chaweza kuharibu figo na kuua mtoto au mbwa. Isiwekwe katika chupa ya soda, na iliyomwagika uani ioshwe mara moja.

HATARI YA KUFUNGUA

Maji yaliyofikia nyuzi 110 chini ya shinikizo hayaonekani kuwa yanachemka. Kifuniko kinapofunguliwa, shinikizo hutoweka, na papo hapo maji hugeuka mvuke na kuruka usoni. Kwa hiyo gari lipoe nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono na kubonyea. Ndipo kifuniko kifunikwe kwa kitambaa kinene na kuzungushwa hadi kituo cha kwanza, hewa itoke yote, kisha kifunguliwe. Abiria wenye haraka wasimshurutishe dereva. Maji baridi yasimiminwe kwenye injini yenye moto mkali, kwani silinda hedi huweza kupasuka. Yatiwe polepole baada ya kupoa.

Mtu akiungua, sehemu iliyoungua imwagiliwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na pete au saa ivuliwe kabla ya uvimbe. Dawa ya meno, siagi na mayai visipakwe. Baada ya hapo afunikwe kwa kitambaa safi. Aliyeungua uso au macho apelekwe hospitali bila kukawia.

HUKUMU YA SAJINI

Yule sajini wa mfano akifuata utaratibu huu, asubuhi ataona tanki la akiba limejaa, rejeta imepungua na mpira wa juu umebonyea. Hakuna mapovu, oili ni safi, na pampu ya fundi inaonyesha kuwa hakuna uvujaji. Kilichokufa ni kifuniko, ambacho bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya rejeta, sembuse injini. Hata hivyo asijidanganye. Gari lililochemka mara mbili laweza kuwa limeanza kuathirika gasketi. Kwa hiyo baada ya kubadili kifuniko atazame maji kila asubuhi kwa majuma mawili. Yakishuka tena bila kuvuja nje, arudi kwa fundi na kuomba kipimo cha gasketi kwa jina.

Askari aliyezoea kukagua maji, oili na matairi ya gari la serikali kabla ya kutoka kambini hana sababu ya kulinyima gari lake mwenyewe dakika tano hizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika nyumba ya sajini, ukuta huo ungejengwa kwa karo ya watoto.